SIKU TAMBI ZILIPOVUNWA MTINI



Katika barua mnazotuletea, swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara. Mnauliza: "Kitu kikionyeshwa kwenye televisheni, tukakiona kwa macho yetu wenyewe, je, kinaweza kuwa uongo?" Wengine mnauliza hivyo hivyo juu ya picha za kwenye simu.

Jibu letu ni fupi: Ndiyo, kinaweza. Lakini jibu fupi halimfundishi mtu. Kwa hiyo leo tunawaelezeni habari ya siku moja ya televisheni katika nchi ya Uingereza. Siku yenyewe ni Jumatatu, tarehe 1 Aprili, mwaka 1957. Kwanza tutaona Jumatatu ya kawaida ilivyokuwa wakati ule, tangu mchana mpaka watu walipozima seti zao. Halafu tutaona jinsi watu wazima, tena wenye shule zao, walivyoamini usiku huo kwamba tambi huota juu ya mti.

TELEVISHENI YA WAINGEREZA

Shirika la utangazaji la Uingereza linaitwa BBC. Shirika hili lilianza huduma yake ya kawaida ya televisheni tarehe 2 Novemba, 1936. Mitambo ilikuwa katika jumba kubwa liitwalo Alexandra Palace, lililo juu ya kilima mjini London. Vita Kuu ya Pili ilipokaribia, tarehe 1 Septemba, 1939, televisheni ilifungwa. Ilifunguliwa tena tarehe 7 Juni, 1946.

Je, picha hufikaje nyumbani? Kwa televisheni ya wakati ule mambo yalikuwa hivi. Kamera hugeuza mwanga kuwa umeme. Mnara mrefu hutupa umeme huo hewani kama mawimbi, kama redio inavyofanya. Antena iliyo juu ya paa huyanasa mawimbi hayo. Kisha seti hugeuza umeme kuwa mwanga tena, nawe unaona picha kwenye kioo. Picha ya BBC ilichorwa kwa mistari 405, mmoja chini ya mwingine, kwa haraka sana hata jicho lisiweze kuitenga. Picha zenyewe zilikuwa nyeusi na nyeupe tu. Rangi zilikuja mwaka 1967.

Mwanzoni watu wenye seti walikuwa wachache. Kisha tarehe 2 Juni, 1953, Malkia Elizabeth alivishwa taji, na sherehe ikaonyeshwa. Watu zaidi ya milioni 20 waliitazama. Wengi hawakuwa na seti, basi walijazana sebuleni kwa majirani, kama sisi tunavyojazana penye redio siku ya mpira. Baada ya hapo kila mtu alitaka seti yake. Kufika mwaka 1957 leseni za televisheni zilikuwa karibu milioni 7.

Leseni ndiyo iliyoiendesha BBC. Kila nyumba yenye seti ilipaswa kulipa. Mwanzoni mwa mwaka 1957 malipo yalikuwa pauni 3 kwa mwaka. Kwa sababu hiyo BBC haikuonyesha matangazo ya biashara. Tangu tarehe 22 Septemba, 1955, kulikuwa na televisheni ya pili iitwayo ITV. Hiyo ilipata fedha zake kwa matangazo ya biashara. Tangazo lake la kwanza kabisa lilikuwa la dawa ya meno.

MCHANA: AKINA MAMA NA WATOTO WADOGO

Msidhani kwamba televisheni ya wakati ule ilikuwa wazi usiku na mchana kama siku hizi. Serikali iliweka mpaka. Siku za kazi haikuruhusiwa kupita saa 8 kwa siku. Kwa juma zima haikuruhusiwa kupita saa 50. Mipaka ya namna hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1972.

Basi kwa muda mrefu mtu akiwasha seti aliona picha moja tu iliyosimama, yenye duara na mistari. Picha hiyo iliwasaidia mafundi kurekebisha seti na antena.

Mchana vilikuja vipindi vya akina mama, kama mapishi na ushonaji. Baadaye kilikuja kipindi cha watoto wadogo wasioanza shule. Kilichukua robo saa tu, na mama alitakiwa akae na mtoto watazame pamoja. Kila siku ilikuwa na kipindi chake. Jumatatu kilikuwa Picture Book, maana yake kitabu cha picha. Jumanne alikuja Andy Pandy, mwanasesere aliyevaa nguo za mistari.

Andy Pandy alichezeshwa kwa nyuzi. Nyuzi zenyewe zilionekana wazi kabisa kwenye kioo. Hata hivyo watoto walimpenda. Walijua ni mchezo. Tafadhali kumbukeni nyuzi hizo, maana tutazirudia.

PENGO KATI YA VIPINDI

Vipindi vingi wakati ule havikurekodiwa. Watu walisimama mbele ya kamera wakasema na kutenda papo hapo. Hata mchezo wa kuigiza wa Jumapili usiku, ulipotakiwa kurudiwa Alhamisi, waigizaji walirudi wakauigiza upya tangu mwanzo.

Mambo ya papo hapo hayakosi hitilafu. Kipindi kiliweza kuisha mapema, au mtambo ukaharibika. Hapo BBC ilionyesha filamu fupi ya kujaza pengo. Iliyojulikana zaidi ilionyesha mikono ya mfinyanzi akiumba chungu juu ya gurudumu linalozunguka. Udongo unapanda, unashuka, unapanuka. Jambo la ajabu ni kwamba chungu chenyewe hakikukamilika hata siku moja! Filamu nyingine ilionyesha farasi wakilima kwa plau. Watu wa mjini waliokaa kwenye viti vyao waliitazama kazi ya shamba kama pumziko. Sisi tunaoshika jembe tunajua kama ni pumziko au sivyo.

SAA YA KULAZA WATOTO

Kuanzia saa 11 jioni vilikuja vipindi vya watoto wakubwa waliotoka shule. Vilikwisha saa 12.

Kwa miaka mingi, kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 1 usiku televisheni ilizimwa kabisa. Kisa nini? Serikali ilitaka wazazi wapate nafasi ya kuwalaza watoto bila ugomvi, na watoto wakubwa wafanye kazi za shule. Watu wa ITV walilalamika, kwa sababu saa moja bila matangazo ni saa moja bila fedha. Waziri wa Posta, Dakta Charles Hill, naye aliona kwamba kulaza watoto ni kazi ya wazazi, si ya serikali. Basi katika mwezi wa Februari 1957 saa hiyo ilifunguliwa. BBC ikaweka hapo kipindi kipya cha habari na mazungumzo kiitwacho Tonight, yaani "usiku wa leo". Kilianza tarehe 18 Februari.

Kwa hiyo Jumatatu yetu ya tarehe 1 Aprili ilikuwa katika majuma ya mwanzo ya utaratibu huo mpya.

USIKU: HABARI NA PANORAMA

Usiku ulikuwa wa watu wazima. Palikuwa na taarifa ya habari na utabiri wa hali ya hewa. Tangu mwaka 1954 mtaalamu wa hali ya hewa alisimama mwenyewe mbele ya ramani akaeleza mvua itanyesha wapi.

Kila Jumatatu kilikuwapo kipindi kiitwacho Panorama. Hiki kilikuwa kipindi cha mambo mazito: vita, serikali, uchumi, nchi za nje. Msimamizi wake alikuwa Richard Dimbleby. Mtu huyu aliheshimiwa sana. Wakati wa vita alikuwa mwandishi wa redio. Mwaka 1945 alitoa habari za mateso aliyoyaona katika kambi ya Belsen huko Ujerumani. Mwaka 1953 ndiye aliyeieleza sherehe ya kumvisha Malkia taji. Kwa Waingereza wengi, Dimbleby akisema jambo, basi jambo hilo ni kweli.

Usiku wa tarehe 1 Aprili watu kama milioni 8 walikuwa wakitazama. Mwishoni mwa kipindi ikaja filamu fupi ya dakika chache. Dimbleby akaanza kueleza kwa sauti yake ile ile ya siku zote.

Alisema kwamba huko kusini mwa Uswisi, karibu na mpaka wa Italia, majira ya baridi yalikuwa mepesi mwaka huo. Kwa sababu hiyo mavuno ya tambi yalikuwa mazuri sana. Aliongeza kwamba fukusi wa tambi, mdudu aliyewasumbua wakulima miaka ya nyuma, sasa amekaribia kutoweka. Picha zilionyesha ziwa, milima na miti. Matawini zilining'inia tambi ndefu nyeupe. Akina mama walizichuma kwa uangalifu, wakazitia katika vikapu, wakazianika juani. Dimbleby akaeleza hata kwa nini tambi zote zina urefu sawa. Eti ni kazi ya wataalamu wa mbegu, waliovumilia miaka mingi! Mwisho watu walionekana mezani wakila mavuno mapya.

SIMU ZAANZA KULIA

Ninyi mnaojua tambi mtacheka. Tambi hazioti. Ni unga wa ngano uliokandwa na maji, ukakatwa nyuzi nyuzi, ukaanikwa. Lakini Waingereza wengi wa wakati ule hawakuwa na mazoea na chakula hicho cha Waitaliano. Wengi walikijua kikiwa tayari ndani ya kopo, chenye mchuzi wa nyanya. Nani angejua kilitoka wapi kabla ya kuingia koponi?

Simu za BBC zilianza kulia. Baadhi ya watu walikasirika kwamba kipindi cha heshima kimefanya mzaha. Wengine walitaka kukata ubishi wa nyumbani, maana mume alisema hivi na mke akasema vile. Wengine tena waliuliza: "Na sisi tunaweza kuupanda mti huo?" Inasimuliwa kwamba waliambiwa wachomeke tambi moja ndani ya kopo la mchuzi wa nyanya, kisha waombe heri.

Kumbe siku hiyo ilikuwa Siku ya Wajinga! Huko Uingereza, na katika nchi nyingine nyingi, tarehe 1 Aprili ni siku ya kudanganyana kwa mzaha.

MZAHA ULITENGENEZWAJE

Aliyebuni mzaha huu alikuwa mpiga picha wa BBC, Charles de Jaeger. Alizaliwa Austria. Alipokuwa mtoto shuleni, mwalimu wake mmoja alizoea kuwatukana wanafunzi. Aliwaambia kwamba ni wajinga mno, hata wakiambiwa tambi huota mtini wataamini. Neno hilo lilimkaa moyoni mpaka ukubwani.

BBC ilimpa pauni 100 za kufanyia kazi hiyo. Alikwenda Uswisi, mahali paitwapo Castagnola, kando ya ziwa Lugano. Alichagua miti ambayo haipukutishi majani. Kisha akatafuta kilo 9 hivi za tambi mbichi ili zitundikwe matawini. Kazi haikuwa rahisi. Tambi zilikauka upesi, zikakataa kuning'inia. Walipozichemsha ziliteleza zikaanguka. Mwisho waligundua njia: zitunzwe ndani ya kitambaa chenye unyevu mpaka wakati wa kuzitundika. Akina mama wa hapo ndio waliojifanya wavunaji.

Je, mnawakumbuka wanasesere wa mchana? Nyuzi zao zilionekana, wala mtoto hakudanganyika. Usiku ule nyuzi zilikuwapo vile vile, ila zilifichwa. Watu wazima hawakuziona, wakaamini.

KWA NINI WATU WALIAMINI?

Wale walioamini hawakuwa wapumbavu. Tunaziona sababu nne.

Kwanza, waliyemsikia alikuwa mtu wa kuaminika. Watu waliitazama sura ya msemaji, hawakulipima neno lenyewe.

Pili, uongo ulichanganywa na ukweli. Ziwa lilikuwa la kweli. Milima ilikuwa ya kweli. Akina mama walikuwa wa kweli. Kamera haikusema uongo: kweli kulikuwa na tambi matawini. Uongo ulikuwa katika maneno yaliyosema zimefikaje pale.

Tatu, maelezo yalifanana na mambo ya shamba. Kila mkulima anajua baridi huharibu mazao, na wadudu huleta hasara. Ukisikia habari za fukusi, unatikisa kichwa na kusema: "Kweli, fukusi ni adui."

Nne, watu hawakuwahi kuifanya kazi yenyewe. Mtu aliyekanda unga wa tambi kwa mikono yake asingedanganyika hata dakika moja. Hebu fikirini: nani awezaye kumdanganya mkulima wa mpunga kwamba mchele huchimbwa ardhini kama chumvi? Hakuna. Lakini mkulima huyo huyo anaweza kudanganywa juu ya dawa asiyoijua, au mbegu ya nchi ya mbali. Kila mtu ana mahali pake asipopajua. Hapo ndipo uongo huingilia.

TUNAJIFUNZA NINI?

Mzaha wa tambi haukumuumiza mtu. Watu walicheka, wakalala. Lakini njia iliyotumika, ya sauti nzuri na picha ya kweli yenye maneno ya uongo, ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa na matapeli. Mtu anakuonyesha picha ya muhindi wenye magunzi kumi, anakuuzia mbegu. Mwingine anakuletea kwenye simu picha ya mgonjwa aliyepona kwa dawa yake. Siku hizi mashine zinaweza kutengeneza picha na sauti ya mtu akisema maneno ambayo hakuyasema kamwe. Wala hahitajiki mtu wa kwenda Uswisi na kilo 9 za tambi.

Basi, kabla ya kuamini, kabla ya kutoa fedha yako, jiulize:

1. Ni nani anayesema? Amejuaje?
2. Picha inaonyesha nini hasa, na maneno yanaongeza nini?
3. Kuna mtu mwingine, asiyefaidika na jambo hili, anayesema hivyo hivyo?
4. Katika kijiji chetu ni nani mwenye kuijua kazi hii? Je, tumemwuliza?
5. Tunaweza kujaribu kwanza kwa kiasi kidogo?

Tena tusiende upande wa pili tukasema televisheni yote ni uongo. Mtu anayekataa kila kitu naye hajifunzi. Juma hilo hilo televisheni ile iliwapa watu taarifa ya habari na utabiri wa mvua. Na mwaka huo huo, tarehe 27 Juni, 1957, BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili katika redio. Wazee wetu wengi walizijua habari za dunia kwa njia hiyo. Televisheni yenyewe ilichelewa kutufikia. Kenya ilianza mwaka 1962, na Tanzania Bara mwaka 1994.

Sisi tunawasifu wale waliopiga simu usiku ule. Wengine waliwacheka. Lakini wao ndio waliofanya jambo la maana: waliona kitu wasichokielewa, wakauliza. Yule aliyeamini akanyamaza, akaenda kulala na tambi zake mtini, ndiye aliyebaki nyuma. Na yule mwalimu aliyewaita watoto wajinga alikosea. Kutojua si aibu. Ninyi mliokaa darasani mkiwa watu wazima, mkashika kalamu kwa mikono iliyozoea jembe, mnalijua hilo kuliko sisi. Kuuliza si ujinga.

Saa 5 usiku hivi BBC ilipiga wimbo wa taifa, ikafunga. Watu walizima seti. Kwenye kioo palibaki kinukta cheupe, kikafifia, kikapotea.

MAANA YA MANENO

Antena: chuma au waya wa kunasa mawimbi ya redio au televisheni.
Leseni: ruhusa ya kutumia kitu, inayolipiwa.
Mwanasesere: mtu wa bandia wa kuchezea.
Mzaha: jambo la kuchekesha, lisilo la kweli.
Tapeli: mtu anayechukua mali ya watu kwa hila.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini saa 12 jioni mpaka saa 1 usiku televisheni ya Uingereza ilizimwa? Je, ninyi mngependa utaratibu huo?
2. Katika filamu ya tambi, ni mambo gani yalikuwa kweli, na jambo gani lilikuwa uongo?
3. Je, kijijini kwenu imewahi kuja habari iliyoaminiwa na wengi, kisha ikaonekana si kweli? Ni nani aliyeuliza kwanza?
4. Mkiletewa habari ya mbegu mpya au dawa mpya, mtamwuliza nani?

Jadilianeni katika kikundi chenu. Kisha tuandikieni majibu.